Benzi ya Zamani: Yapi ya Kweli, Yapi ya Kijiweni

Fungua boneti ya Benzi ya zamani pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na kabla hujashika spana utakuwa umeshapata washauri watatu. Wa kwanza atakuapia kwamba gari hili halifi. Wa pili atakusihi uliuze leo leo kabla halijakufilisi. Wa tatu atakuwa ameshainama anaitafuta thamostati aitoe. Wote wanasema kwa uhakika ule ule, na bila shaka umewahi kuwasikia. Pengine umewahi hata kuwalipa.

Magari mengi mazuri ya zamani hayafi kwa uzee, yanakufa kwa ushauri. Kwa hiyo tuyapime maneno haya moja moja, na gari letu la mfano liwe lile ambalo bado unapishana nalo barabarani: Mercedes-Benz W124, ile sedani yenye waipa moja tu kwenye kioo cha mbele. Ilitoka mwishoni mwa 1984, sedani zikaendelea kuundwa Ujerumani hadi 1995, na ukijumlisha aina zake zote yaliuzwa zaidi ya milioni 2.7. Ndiyo 200, 230E, 260E na 300E, pamoja na dizeli zake 200D, 250D na 300D. Mahali panapohusika tutamgusa na kaka yake, W123, yule wa 240D. Mwenye Crown au BMW ya umri huo naye asogee, maana mengi yanamhusu.

"Benzi haifi"

UONGO.

Wanaosema hivi wana shahidi mzuri. Gregorios Sachinidis, dereva teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, aliitembeza 240D yake ya 1976 hadi kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 akaikabidhi kwa makumbusho ya Mercedes-Benz nchini Ujerumani. Hilo ni kweli. Kinachoachwa kwenye masimulizi ni kwamba injini ya teksi ile ilishushwa na kubadilishwa zaidi ya mara moja. Yule bwana hakuwa na gari lisilokufa. Alikuwa na gari linalofunguka na kutengenezeka, na alikuwa na nidhamu ya kulihudumia.

W124 nayo iliundwa na watu waliojua kwamba iko siku fundi atakuja kuifungua. Boneti yake ina lachi ambayo ukiiachia inasimama wima kabisa, fundi akafanya kazi bila kujigonga kichwa. Lakini anayeamini kuwa haifi huacha kuifungua hiyo boneti. Gari la namna hiyo huonekana zima miaka mitatu, minne, halafu linadai kila kitu ndani ya mwezi mmoja.

"Huku kwetu joto, toa thamostati gari lipoe"

UONGO, na kati ya yote haya ndio ninaouogopa zaidi.

Hoja yake ina mvuto: thamostati inazuia maji, basi ukiitoa maji yatapita bila kizuizi. Lakini ishike mkononi uitazame. Ile ya injini hizi ina visahani viwili. Cha kwanza hufungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, yakifika karibu nyuzi 87 kwa injini nyingi za petroli za W124. Cha pili, wakati huo huo, huziba njia ya mkato ambayo maji huipitia kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Ukiitoa thamostati, umefungua mlango mmoja lakini ule mwingine nao umeuacha wazi. Sehemu ya maji ya moto itazunguka humo humo ndani, rejeta haiioni kabisa. Ndiyo maana gari lisilo na thamostati linaweza kuwa baridi kupita kiasi alfajiri kwenye barabara iliyo wazi, halafu likachemsha kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana.

Na ule ubaridi wa alfajiri si salama. Injini ya petroli inayodhani bado haijapata moto huendelea kujimiminia mafuta mengi. Petroli hiyo ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda na kuvujia chini kwenye oili yenyewe. Unalipa kituoni, kisha unalipa tena kwenye ringi za pistoni.

Ukitaka kujua kama thamostati yako ni nzima, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uwashe moto. Ikiwa maji yamekaribia kuchemka na bado imenuna, nunua nyingine. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kuchonga silinda hedi iliyopinda.

Gari likichemsha, tafuta sababu zenyewe: rejeta iliyoziba, pampu ya maji, feni ya mbele ya injini ambayo kikamatio chake kimechoka kikawa kinateleza. Kabla ya hapo hakikisha kweli linachemsha, kwa sababu kwenye W124 mshale kupanda hadi 100 ukiwa kwenye foleni si ugonjwa. Feni za ziada za umeme huingia kwa nguvu zote maji yakiwa karibu nyuzi 105. Wajerumani walioliunda walijua mshale utafika huko, na wamelipa gari nafasi ya kupumua.

"Maji ya bomba yanatosha, kulenti ni ya nchi zenye barafu"

UONGO.

Kuzuia barafu ni kazi moja tu ya kulenti, na kweli hiyo hatuihitaji. Tunaihitaji kazi ya pili: kuzuia kutu. Injini za 260E na 300E zina bloku ya chuma cha kusubu na silinda hedi ya alumini. Weka maji matupu kati ya vyuma viwili tofauti na alumini itaanza kuliwa polepole pembeni mwa gasketi. Ukitumia maji ya kisima cha pwani yenye chumvi, unaharakisha. Fundi akishusha hedi utaona mwenyewe vishimo kuzunguka matundu ya maji.

Kazi ya tatu ni kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu kwenye chombo kilicho wazi jijini Nairobi, mita takribani 1,700 juu ya bahari, huchemka karibu nyuzi 94. Injini inaokolewa na shinikizo la mfumo uliozibwa, na shinikizo hilo linalindwa na mfuniko wa kopo la maji. Mara nyingi utaona umeandikwa 140, maana yake baa 1.4. Mfuniko uliochoka unaweza kukuchemshia gari ambalo kila kitu kingine ni kizima, na mafundi wengi huuangalia mwisho wakati ungepaswa kuwa wa kwanza. Changanya kulenti nusu na maji yasiyo na madini nusu, badilisha kila baada ya miaka michache, na mfuniko huo usiufungue gari likiwa la moto.

"Injini ikizeeka, ipe oili nzito"

NUSU KWELI.

Wazee walioanza na 20W-50 hawakukosea. Vitabu vya gari hili vilikuwa na chati ya oili kulingana na hali ya hewa, na kwa nchi za joto 15W-40 na 20W-50 zimo. Upande wa uongo ni pale oili nzito inapofanywa dawa ya moshi. Gari linalotoa moshi wa buluu asubuhi ukiliwasha, kisha ukapotea, kwa kawaida lina sili za valvu zilizokauka na kuwa ngumu. Injini za silinda sita za kizazi hiki zinajulikana kwa hilo. Sili hizo hubadilishwa bila kushusha hedi, na hakuna uzito wa oili utakaozilainisha. Ukimwaga oili nzito kama asali ili kuficha moshi, shafti ya juu ndiyo inayongoja oili ifike kila asubuhi, ikisagika.

"Gia boksi ya otomatiki usiibadilishe haidroliki, itakufa"

UONGO, wenye chembe ya ukweli ndani yake.

Chembe yenyewe ni hii: gia boksi ambayo tayari inateleza na mafuta yake yananuka kuungua haitaponywa na mafuta mapya. Itakufa wiki ijayo kama ilivyokuwa ife, na lawama zitayaangukia mafuta. Gia boksi nzima ni habari nyingine. Ile ya gia nne ya W124 ilipangiwa kubadilishiwa mafuta na chujio kila kilomita 60,000. Hata toki kibadilisho, lile duara kubwa kati ya injini na gia boksi, ina nati yake ya kumwagia. Fundi anayeijua Benzi ataizungusha injini taratibu hadi nati hiyo itokeze kwenye tundu, aifungue. Asiyeijua atamwaga sampu tu, na sehemu kubwa ya mafuta ya zamani itabaki ndani. Kumuona anachofanya hapo kutakwambia mengi kuhusu fundi wako.

Kupima kiwango nako kuna utaratibu: gari tambarare, injini inaunguruma, gia kwenye P, mafuta yakiwa ya moto. Ukipima injini ikiwa imezimwa utapata jibu lisilo sahihi, utaongeza au kupunguza bila sababu.

Hapa kuna mambo mawili ambayo yamewafanya watu wauziwe gia boksi wasizozihitaji. La kwanza ni "gia ya kwanza imekufa". Gia boksi hii, ukikanyaga mafuta taratibu, huanza na gia ya pili. Ndivyo ilivyoundwa. Kanyaga pedali hadi chini kabisa, na ya kwanza itajitokeza yenyewe. La pili ni gia inayopiga teke ikibadilika. Ubadilishaji wa gia hapa unaongozwa na mvuto wa hewa kupitia vimirija vyembamba na viungio vya mpira. Mpira wa miaka 30 hupasuka, hewa ikaingia, gia ikaanza kupiga. Kagua vimirija hivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla mtu yeyote hajataja bei ya gia boksi.

"Gari hili lina jini"

UONGO. Lakini aliyesema hivyo hakuwa anaota, maana mambo aliyoyaona yametokea kweli.

Chukua dizeli ya W123 ambayo unatoa ufunguo, na injini inaendelea kuunguruma. Inatisha, nakubali. Injini ile haizimwi kwa umeme, inazimwa kwa mvuto wa hewa unaokata mafuta kwenye pampu. Mfumo huo wa hewa ndio pia unaofunga milango. Mpira mmoja ukipasuka mlangoni, mvuto hautoshi tena kuzima injini. Fungua boneti, utaona kipini kimeandikwa STOP. Kibonyeze, itazima. Kisha tafuta mpira uliopasuka.

Jini la pili ni la petroli, 260E au 300E: taa ya ABS inawaka bila mpango, injini inatetemeka ikiwa sailensa, siku nyingine haina tatizo lolote. Kabla hujauziwa kompyuta au pampu ya ABS, angalia rilei ndogo ya kulinda mifumo dhidi ya umeme mwingi, iliyojificha karibu na betri. Ni ya rangi ya fedha, na juu ina fyuzi nyekundu chini ya kifuniko cha plastiki. Fyuzi ikiungua, au risasi ya ndani ikipata nyufa, utaona mazingaombwe yote hayo. Ni ya kuchomoa na kuchomeka.

"Waya za Benzi za miaka ya tisini huoza zenyewe"

KWELI.

Hii inasikika kama kisingizio cha fundi, na wenye magari wengi wamewagombeza mafundi waaminifu kwa sababu yake. Benzi zilizoundwa takribani kuanzia 1992 hadi 1995 zilipewa waya za injini zenye ganda ambalo joto la injini hulikausha, likawa linapukutika. Waya mbili zikigusana, injini inakosa, inazima, au inaunguza kifaa cha umeme cha bei kubwa. Injini za valvu nne kwa kila silinda za miaka hiyo ndizo zilizoathirika. 230E ya 1988 haina ugonjwa huu.

Kabla hujanunua E200 au E280 ya 1994, rudisha nyuma kidogo ganda la nje karibu na soketi za plagi za waya, bila kuzikunja. Ukiona nyufa, punguza bei ya waya mpya kutoka kwenye bei ya gari, au ondoka. Kuzizungushia tepu si matengenezo.

"Dizeli ya zamani inakunywa chochote, hata mafuta ya taa"

UONGO.

Hadithi hii ilitoka mahali halisi. Huko Ulaya, kwenye baridi kali, dizeli huganda kama nta, na vitabu vya Benzi za zamani viliruhusu kuchanganya mafuta ya taa majira hayo ili isigande. Sisi tulibeba ruhusa tukaiacha baridi nyuma. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vizuri, na vipande vya ndani vya pampu na nozeli hutegemea mafuta yenyewe kulainishwa. Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2018 zilipandisha kodi ya mafuta ya taa hasa kwa ajili ya kupambana na uchakachuaji. Wewe mwenye pampu ya kizamani usiyotaka kuipoteza usijichakachulie mwenyewe.

"Tafuta lenye kilomita chache"

UONGO kwa gari la umri huu. Na hapa nampa haki yake yule mzee aliyesema gari lililolala ndilo linaloharibika. Hilo ni KWELI tupu.

Kwanza, kipimo cha kilomita cha W124 kina tabia ya kukwama, hivyo namba unayoisoma inaweza kuwa ya miaka kumi iliyopita. Pili, mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka. Gari lililosimama gereji ya bosi mstaafu tangu alipostaafu lina bushi zilizokakamaa, sili zilizokauka, petroli iliyooza kwenye tangi na breki zilizoshika kutu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani hata gari likiwa limefunikwa turubai, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili, litembee lisitembee. Na tairi zinazong'aa uzisome ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Hata kama nyuzi zake zote zipo, tairi hizo ziache.

Mimi ningechukua lenye kilomita 400,000 na bahasha ya risiti kuliko lenye 90,000 na maneno matamu.

"Ukilipiga rangi, limerudi upya"

UONGO.

Rangi ni hatua ya mwisho. Pita na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye mapanga na sketi za milango. Isiposhika, chini kuna puti, na chini ya puti kuna kutu inayoendelea na kazi. Toa vifuniko vya plastiki vya mahali pa kupigia jeki, uchungulie. Kwa magari yaliyotoka baada ya 1989, yale yenye vibao vipana vya plastiki kwenye milango, toa vibao, kwa sababu matope na chumvi hukaa nyuma yake. Kama gari lina dirisha la paa, mimina maji kidogo kwenye kona zake na uone kama yanatokea chini. Yasipotokea, mirija imeziba na maji yanashuka kwenye zulia. Mpangilio wa kulirudisha gari ni breki kwanza, halafu mfumo wa kupoza, miguu, kutu, na mwisho kabisa rangi. Anayeanza na rangi huishiwa fedha gari likiwa linapendeza na halisimami.

"Spea hazipatikani tena"

NUSU KWELI, na kwa kifupi: vya kuendeshea gari vipo. Mercedes-Benz ilianzisha kituo maalumu cha magari yake ya zamani huko Fellbach mwaka 1993, na watengenezaji kama Bosch, Lemförder na Mann bado wanatoa vipande vya kila siku. Vinavyosumbua ni mapambo ya ndani, vitambaa vya viti na plastiki za dashibodi za rangi fulani, na hivyo ndivyo vya kuokota mapema kwenye magari yaliyokatwa. Chunga boksi lenye nembo nzuri na kipande chepesi ndani.

"Fundi anayesikiliza injini kwa bisibisi anapiga ramli"

UONGO. Huyo fundi ndiye wa kumshika.

Chuma hupitisha sauti vizuri kuliko hewa, na bisibisi ndefu ikibanwa kwenye mfupa nyuma ya sikio inakuletea sauti ya beringi moja peke yake. Jifunze na wewe. Nywele, nguo na mikono mbali na feni, ncha iguse ganda la alteneta, kisha pampu ya stelingi, kisha pampu ya maji, kisha kifuniko cha mnyororo wa taimingi, ulinganishe. Mlio wa kukwaruza kwenye alteneta ni kazi ya asubuhi moja. Ukikosa kuelewa, zima injini, toa mkanda, uwashe kwa sekunde chache tu kwa sababu pampu ya maji haizunguki. Kelele ikipotea, ugonjwa uko kwenye kimojawapo cha vilivyoendeshwa na mkanda huo. Ikibaki, na inatoka upande wa mnyororo, usiendeshe hadi gereji. Ita gari la kuvuta.